Siku Baba Alipotoa Shamba la Mama

Mikutano ya kijiji chetu huchelewa kuanza, na kwa kuwa kila mtu analijua hilo, hakuna anayejisumbua kuwahi. Utasikia tangazo la saa tatu asubuhi, lakini saa nne unawakuta wazee wachache wameegemea ukuta wa ofisi ya kijiji wakiota jua. Akina mama hufika wakitokea mashambani, wamefunga khanga juu ya nguo za kazi. Mwenyekiti anapitisha macho, anamwinamia mtendaji kumwuliza kama akidi imetimia, halafu tunaomba dua mara mbili, ya Wakristo na ya Waislamu. Baada ya hapo ndipo ajenda zinasomwa. Mambo makubwa yenyewe kwa kawaida hungoja mwisho kabisa, kwenye mengineyo, watu wakiwa wameshachoka na njaa imewashika.

Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi. Wazazi wa kitongoji chetu walinichagua, nadhani, kwa sababu nilikuwa nasema sana kuhusu mto. Sisi tunakaa ng'ambo, upande wa mlimani, na shule iko upande wa barabara inayoshuka Mkuyuni. Wakati wa kiangazi mtoto anavuka kwa kuruka mawe. Masika yakianza ni habari nyingine. Mvua inaweza kuwa inanyesha huko juu tu, kwetu jua linawaka, na ghafla maji yanashuka mekundu yamebeba magogo. Watoto wakubwa walikuwa wakilala kwa ndugu upande wa pili mpaka mto upungue. Wadogo walikaa nyumbani. Binti yangu wa mwisho alikuwa darasa la kwanza, na masika yale alikosa shule siku nyingi mno hata akaanza kuniuliza kama bado yeye ni mwanafunzi.

Kwenye kamati tulijadiliana muda mrefu. Wengine walitaka kivuko. Mwalimu mkuu, mtu mpole ambaye hakupenda kuahidi asichokiweza, alituambia, "Kivuko ni kazi ya halmashauri. Tutaomba, na tutasubiri. Lakini shule shikizi tunaweza kuianza wenyewe. Mkijenga madarasa mawili na choo huko kwenu ng'ambo, wale wadogo wasome hukohuko mpaka wapate nguvu, mwalimu tutaletewa."

Wazo hilo lilituingia. Tofali tungefyatua, mawe tungebeba, mchanga uko mtoni. Tulichokosa ni mahali. Kwetu ukisema eneo la kujenga, watu wanacheka, maana ardhi yote imesimama kama ngazi. Tunalima mihogo na nanasi kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama anaogopa kwa niaba yetu. Tambarare ya kutosha kwa madarasa ilikuwa moja tu, na hiyo ilikuwa shambani kwetu.

Siku ya mkutano mkuu hoja ya eneo ilipofikiwa, watu walianza kutazamana. Kila mmoja alilijua lile shamba, na kila mmoja alingoja mwingine alitaje. Hapo baba akasimama.

Baba yangu alikuwa na sauti ya kanisani. Alikuwa akiongoza nyimbo kigangoni tangu ujana wake, na alijua kusimama mbele ya watu. Hakuzaliwa kijijini kwetu. Alitoka upande wa Matombo, akamwoa mama, akahamia kwao, kama wanaume wengi wa Kiluguru walivyofanya. Alilima lile shamba toka mimi nikiwa mgongoni.

"Mwenyekiti," alisema, "watoto wetu hawawezi kusomea angani. Mimi natoa lile shamba la tambarare, kuanzia kwenye migomba mpaka kwenye kijito. Ijengwe shule."

Vigelegele vikapigwa. Wanaume walimshika mkono. Mwenyekiti akasema mzee huyu ni mfano wa kuigwa, na mtendaji akawa anaandika harakaharaka. Na mimi nilipiga makofi, tena sana, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumwona binti yangu akienda shule na viatu vikavu. Kisha nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa amekaa na wenzake karibu na dirisha, anakunja ncha ya khanga yake na kuikunjua. Hakupiga makofi, wala hakuinua uso.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baba alibaki nyuma na wanaume wenzake, wakizungumza kwa furaha. Nikamfikia mama njiani.

"Mama, mlikuwa mmeshazungumza na baba?"

"Kuhusu nini?"

"Shamba."

"Baba yako amezungumza na kijiji," alisema, akaendelea kutembea.

Kwa asiyetujua inabidi nieleze. Kwetu ardhi hupita kwa akina mama. Lile shamba mama alirithi kwa mama yake, na bibi kwa mama yake, na juu yao kuna lukolo, yaani ukoo, unaohesabiwa kwa upande wa kike. Mume analima, anapanda miti, anakula na kuuza, lakini ardhi haiwi yake. Baba alilijua hilo kabla mimi sijazaliwa, kwa sababu hata kwao Matombo mambo ni hayohayo. Siku hizi mengi yamebadilika. Kuna wanaume wanaonunua mashamba yao wenyewe, na kuna wazee wanaowagawia watoto wao wa kiume. Lakini shamba la ukoo bado watu wanajua ni la ukoo, hata kama hawasemi.

Jioni ile mama alipiga simu mbili. Moja alimpigia kaka yake anayekaa kijiji cha juu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Nyingine alimpigia dada yake, mama yangu mkubwa, anayeishi Morogoro mjini. Hakulalamika. Nilimsikia akisema tu, "Shamba limetolewa. Njooni."

Mjomba alishuka siku ya mkutano uliofuata, ule wa kuthibitisha eneo. Alipitia nyumbani kwanza. Baba akamwamkia shikamoo, mjomba akaitikia marahaba, akapewa kiti na chai na mihogo ya kuchemsha. Walizungumzia bei ya karafuu na mvua zilizochelewa. Nilikaa pale nikiwatazama watu wazima wawili wakilizunguka jambo moja kwa adabu kubwa, na wote wawili wakijua kwamba baada ya muda mfupi watalikuta ofisini.

Mtendaji wa kijiji alikuwa dada kijana, mwenyeji wa Kanda ya Ziwa, aliyehamishiwa kwetu karibuni. Alisoma muhtasari wa mkutano uliopita kwa sauti nzuri. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba mwananchi ametoa eneo lake, mwenyekiti akauliza kama muhtasari uko sahihi. Mjomba akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kuna kosa dogo la jina," alisema. "Aliyeandikwa hapo ni shemeji yangu, namheshimu sana. Lakini shamba si lake."

Watu waligeuka kumtazama baba. Baba alitazama sakafu.

Kijana mmoja dereva wa bodaboda, mwenye mtoto wa umri sawa na wangu, akaomba nafasi. "Mwenyekiti, mimi niseme ukweli. Hizi mila ndizo zinatuweka nyuma. Mzee amelima pale tangu sisi hatujazaliwa. Leo anataka kuwasaidia watoto, anaambiwa si lake? Basi la nani? La marehemu?"

Baadhi ya wanaume walimuunga mkono, na nikaona kwamba wengi wao walikuwa wameoa kwetu kama baba. Walikuwa wanamtetea yeye na wanajitetea wenyewe.

Mama mmoja wa makamo akajibu bila kusimama. "Mwanangu, ile bodaboda unaiendesha kila siku. Je, ni yako?"

Kila mtu alijua pikipiki ile ni ya mwenye duka wa Mkuyuni. Watu wakacheka, na kijana mwenyewe akacheka kidogo, akakaa.

Baada ya hapo mjadala uliwaka. Mmoja alisema kijiji kina mamlaka juu ya ardhi yote. Mwingine akamwuliza kama mamlaka hayo yataanzia kwa wake za watu. Mzee mmoja alitaka mila iheshimiwe, lakini alipoulizwa yeye shamba lake alimpa nani, akasema hilo ni jambo la nyumbani kwake. Baba aliposimama alisema maneno machache tu, "Nilitoa kwa nia njema," na ile sauti ya kanisani haikuwepo.

Mwenyekiti, ambaye kwa bahati alikuwa mtu wa kusikiliza, akamwambia mama aseme. Mama yangu hakuwahi kusema mkutanoni, si kwa woga, ila alikuwa haoni sababu ya kurudia yaliyokwisha kusemwa. Alisimama, akajifunga khanga vizuri.

"Mimi sijakataa shule," alisema. "Anayevuka ule mto ni mjukuu wangu. Lakini sikuulizwa. Na hata mngeniuliza, nisingewapa jibu siku hiyo, kwa sababu siko peke yangu. Nina dada. Dada ana mabinti, na mimi nina mabinti. Tupeni muda tukae."

Ajenda ikaahirishwa, na manung'uniko yakaanza palepale mlangoni. Tanuri la tofali lilikuwa limeshawashwa. Wengine walisema maendeleo ya kijiji kizima yamesimama kwa ajili ya mwanamke mmoja. Mjumbe mwenzangu wa kamati alinivuta pembeni akaniambia, "Wewe ni wa kamati. Zungumza na mama yako." Nikamwambia kwamba mimi ni wa kamati, na pia ni mmoja wa hao mabinti, na sikujua ningeanza kuzungumza naye kama nani. Hakunielewa, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe usiku na mchana nilikuwa najivuta huku na huku.

Siku chache baadaye mtendaji alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa nachambua maharage; akakaa akanisaidia. Kisha akasema, "Dada, kwetu binti harithi kitu. Baba yangu alipofariki, mashamba yalikwenda kwa kaka zangu, sisi tukaambiwa tutaolewa. Nimekwenda semina nyingi, zote zinatufundisha kwamba mila zinamnyima mwanamke ardhi, tukazipinge. Nafika hapa, nakuta mila ndiyo inampa mama yako shamba. Na mimi wa ofisini, mwanamke, ndiye niliyeandika jina la mume."

"Ulimwandika aliyesimama," nilisema.

"Ndiyo. Sikuuliza. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini sikuuliza."

"Hata sisi wenye kujua tulipiga makofi," nikamwambia.

Tukamaliza maharage, akaniaga.

Kikao cha ukoo kilifanyika uani kwa mama. Mama mkubwa alifika kutoka mjini akiwa amechoka, kwa sababu kutoka Mkuyuni alipanda bodaboda na njia ilikuwa tope tupu. Tulikuwepo mama, yeye, dada zangu, binti yake mmoja, mjomba na mimi. Baba hakukaa nasi. Yeye si wa lukolo lile, na alijua. Alikwenda nyuma ya nyumba kunoa panga, na sauti ya kunoa ilitufikia muda wote tulipokuwa tunazungumza.

Mama mkubwa hakutaka kutoa. Hakuficha.

"Mnanitazama kana kwamba nachukia watoto," alisema. "Nyinyi mko hapa. Mabinti zangu wamepanga vyumba mjini. Huyu mmoja kiwanda kimempunguza, mwingine anauza maandazi stendi. Siku mji ukiwashinda, watarudi wapi? Mtawaambia walale darasani?"

Binti yake, dada yangu kwa hesabu zetu, aliangalia pembeni. Mama hakubishana naye. Mjomba naye hakutoa amri, jambo ambalo lilinishangaza, maana wajomba tunaosimuliwa ni watu wa kuamua. Alimwuliza kila mmoja wetu kwa zamu. Ilipofika zamu yangu nilisema kwamba mimi naweza kulima mteremko, nimezoea, lakini mtoto hawezi kuandika akiwa amesimama mteremkoni. Dada zangu walicheka. Halafu nikasema pia kwamba mama mkubwa ana haki, na kwamba sijui la kufanya. Ulikuwa ukweli.

Tulibishana mpaka chai ikaisha na nyingine ikawekwa. Mwishowe mama ndiye aliyesema tuligawe. Nusu ya juu, ambayo ingekuwa fungu lake, iende shule. Nusu ya chini, kuelekea kijito, pale alipozikwa bibi, ibaki kwa dada yake na mabinti zake, na mtu asiiguse. Mama mkubwa akasema, "Wewe utabaki na nini?" Mama akajibu kwamba ana mteremko wa mihogo na unamtosha. Mama mkubwa akalia, si kwa kelele, akajifuta kwa upande wa khanga.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mjomba akasema, "Bado mikarafuu."

Kwenye nusu ya juu baba alikuwa amepanda mikarafuu na michungwa kadhaa. Kwa taratibu zetu, anayepanda mti ndiye mwenye mti, hata kama ardhi si yake.

"Ile miti ni ya shemeji," mjomba alisema. "Sisi hatuwezi kuitoa. Mwiteni."

Sauti ya kunoa ikakoma. Baba akaja, akasimama pembeni kama mgeni kwenye ua ambao aliujenga mwenyewe. Mjomba akainuka, akampa kigoda chake, yeye akakaa kwenye ukingo wa baraza.

"Shemeji, sisi tunatoa ardhi, ile nusu ya juu," alimwambia. "Miti ni yako. Wewe unasemaje?"

Baba akakaa. Ile mikarafuu aliipanda ikiwa miche, akaibebea maji toka kijitoni miaka ya kwanza. Mimi na dada zangu tulisomeshwa nayo. Alitazama mikono yake, kisha akamtazama mama, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutazamana sawasawa tangu siku ile ya makofi.

"Nitaikata mwenyewe," alisema.

"Ule wa kwenye kona uuache," mama akasema. "Watoto watapata kivuli."

Kwenye mkutano uliofuata mtendaji alisoma muhtasari mpya. Uliandikwa kwamba ardhi imetolewa na akina mama wa ukoo wetu, na miti imetolewa na baba. Kijana wa bodaboda ndiye aliyetoa hoja upitishwe. Mikono ilinyooshwa, hoja ikapita, na makofi safari hii yalikuwa ya kawaida, ya watu wanaotaka kurudi makwao kula. Mama hakuonekana kujali. Baba hakuja.

Alianza kukata miti wiki hiyohiyo. Nilimpelekea chakula shambani. Alikuwa amekaa juu ya gogo, shati limelowa jasho, harufu ya karafuu imejaa kila mahali. Nikamngoja ale kwanza.

"Baba," nilisema, "ulikuwa umesahau?"

Hakujifanya hajaelewa swali. "Sikusahau," alisema. "Niliposimama pale mbele ya watu, niliona ni langu. Kwa muda ule tu. Umelima mahali maisha yako yote, halafu watu wazima wanakutazama wanakungoja wewe." Akanirudishia sahani. "Makofi yalipokwisha nikajua."

"Ulimwambia mama hivyo?"

"Mama yako hahitaji kuambiwa."

Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba jioni ile mama alimchemshia maji ya kuoga yenye majani ya mchaichai, kama anavyofanya siku anazotaka kumtunza, na baba akaoga, wakala pamoja.

Shule shikizi ilisimama. Ina madarasa mawili, choo, na mwalimu mmoja ambaye mwanzoni alitaka kuhama na sasa amelima bustani yake ya mchicha. Binti yangu alisoma pale mpaka akavuka kwenda darasa la tatu shule kubwa, akiwa ameshakua na miguu ya kuruka mawe. Ofisa elimu alipokuja kukagua, aliuliza uwanja wa michezo uko wapi. Tukamwambia hatuna. Akatikisa kichwa, akaandika, na mpaka leo wazazi hutupigia kelele kuhusu uwanja huo. Kila mwaka kwenye mengineyo kuna atakayesema ile nusu ya chini ingetosha mpira, na kila mwaka kuna atakayemjibu.

Yule binti wa mama mkubwa, aliyepunguzwa kiwandani, alirudi. Alikuja na watoto wake na begi moja, akajenga chumba na sebule karibu na kijito, analima migomba na magimbi na kupeleka Mkuyuni siku za gulio. Mpira wa watoto ukiangukia kwenye migomba yake anawagombeza kwa sauti inayofika mpaka kwangu. Majuzi nilimkuta anapanda miche ya karafuu kwenye mpaka, nikainama kumsaidia kufukia. Nilikuwa nawaza kwamba kama uamuzi ungekuwa wangu peke yangu, ningetoa lile shamba lote siku ileile na kurudi nyumbani nimefurahi. Sikumwambia. Aliniomba nimsogezee ndoo ya maji, nikamsogezea, tukaendelea na mche mwingine.